Je, Wajua? Nyaya Tatu za Kunasia Nyota, Kutoka Busia Hadi Tororo

Je, wajua kwamba rimoti ya waya ya kawaida ya kamera, ile inayoning'inia dukani ndani ya boksi la kung'aa, ndani yake mna nyaya tatu na swichi mbili tu? Waya mmoja ni wa pamoja, wa pili ni wa fokasi, wa tatu ni wa shata. Ukibonyeza kitufe nusu, waya wa fokasi unagusana na ule wa pamoja. Ukibonyeza mpaka mwisho, wa shata nao unagusana, na kamera inafyatuka. Hamna chipu, hamna betri. Umeme kidogo unaopita humo unatoka kwenye kamera yenyewe. Nimeanza na hili makusudi, maana ndilo linalofungua mengine yote: anayejua kwamba anatafuta nyaya tatu hauziwi kwa bei ya anayedhani anatafuta mtambo.

Je, wajua nyota zinahitaji rimoti kwa nini? Kidole kikigusa kamera iliyo juu ya stendi, kamera inatikisika kidogo, na nyota iliyopaswa kuwa nukta inatoka na mkia. Tena kamera nyingi haziachi shata wazi zaidi ya sekunde 30. Ukitaka kupita hapo unaweka alama ya B, yaani Bulb, na shata inabaki wazi kwa muda wote ambao kitufe kimebanwa. Hakuna kidole kitakachobana kitufe dakika tatu gizani bila kutetemeka.

Na hiyo B, wajua imetoka wapi? Zamani mpiga picha alishika mkononi kipira cha mpira kilichojaa hewa, chenye mrija mrefu hadi kwenye kamera. Akikiminya, hewa inasukuma shata ifunguke, akikiachia, inafunga. Kipira kilikufa, jina likabaki. Kebo yako ya leo ni mjukuu wa kipira kile.

Je, wajua kwamba Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, iko chini ya nusu digrii kaskazini mwa ikweta, na Tororo, upande wa Uganda, haifiki digrii moja? Mtu wa Ulaya hawezi kuiona Salibu akiwa kwao, na mtu wa kusini kabisa mwa dunia hajui sura ya nyota za kaskazini. Aliyesimama Busia, kwa mzunguko wa mwaka mmoja, anaweza kuyaona makundi yote 88 ya nyota yaliyokubaliwa na wanaastronomia. Kilimia, iliyowapa wakulima wetu kalenda kabla ya kalenda, inapita juu. Jabari anapita karibu utosini. Suheli na Salibu zinapanda upande wa kusini. Nyota ya Kutubu, ile inayowaonyesha wenzetu wa kaskazini mahali pa kuelekeza mitambo yao, kwetu imelala kwenye upeo wa macho, nyuma ya migomba na mabati. Hilo lina hasara yake na faida yake. Nitarudi kwenye faida.

Wajua pia kwamba usiku wa Busia huchelewa ukilinganisha na saa ya ukutani? Saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita mbali huko Somalia. Busia iko kwenye nyuzi 34. Tofauti hiyo ni kama dakika 44. Ndiyo maana jua la hapa mpakani linazama kati ya saa 12:30 jioni na saa 1, na giza halisi la kupiga nyota linaanza karibu saa 2 usiku. Aliyezoea usiku wa Mombasa akija hapa na kamera atapoteza kama dakika 20 za betri akipiga anga ambalo bado halijaiva.

Je, wajua kwamba neno boda boda, linalotajwa leo hadi Mombasa, husimuliwa kuwa lilizaliwa mpakani hapa? Waendesha baiskeli wa Busia na Malaba waliwabeba abiria na mizigo kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi ya pili, wakiita kwa kelele kwamba wanakwenda mpaka hadi mpaka, kwa Kiingereza chao cha barabarani. Baiskeli ikapisha pikipiki, jina likakaa. Na hadi leo kitu kidogo unachokitafuta Busia, kikikosekana upande mmoja, huwa hakiko mbali zaidi ya nauli ya boda.

Sasa tuingie kwenye pini yenyewe.

Je, wajua kwamba Canon nyingi za bei ya kawaida, kama 450D, 1100D, 1200D, 1300D, 2000D, na hata 60D, 70D na 80D, zinatumia pini ya milimita 2.5, ndugu mdogo wa pini ya hedifoni? Canon wenyewe wanaiita E3. Ncha ya pini ni shata, pete ya kati ni fokasi, shina ni waya wa pamoja. Simu kadhaa za vitufe za Nokia zilikuwa na tundu la ukubwa huohuo kwa ajili ya hedifoni. Kwa hiyo ile hedifoni ya zamani iliyotupwa kwenye kopo la mafundi simu, pamoja na betri zilizovimba na vioo vilivyopasuka, huenda imebeba pini unayoililia. Ihesabu kabla hujalipa: mistari myeusi miwili inayotenganisha sehemu tatu za chuma ndiyo inayofaa. Yenye mistari mitatu ina sehemu nne, hiyo iache.

Na ukikosa pini ya 2.5 kabisa? Ile ya 3.5 imejaa kila kibanda, na adapta ya kutoka 3.5 kwenda 2.5 ni kitu cha kawaida katika biashara ya hedifoni. Unatengeneza rimoti kwa pini ya 3.5, unachomeka adapta mbele, kazi imekwisha. Adapta haijui kama inapitisha taarabu au amri ya shata.

Nilikaa kwenye kiti kirefu cha fundi simu mmoja pale Busia kumwona akifanya. "Karibu, mkubwa, simu imefanya nini?" akauliza. Nikamwambia si simu, ni kamera, na nikamchorea pini kwenye kipande cha karatasi: ncha, pete, shina. Hakuniuliza swali la pili. Alichukua waya wa hedifoni, akaumenya kwa koleo, ndani zikatoka nyuzi nyembamba kama nywele, nyingine nyekundu, nyingine za kijani, nyingine rangi ya shaba. Mimi ningezisokota na kuzifunga hivyo hivyo. Yeye alizipitisha kwanza kwenye ncha ya moto ya kifaa cha kulehemu, yenye tone la risasi, na moshi mwembamba ukapanda. Nyuzi za hedifoni zimepakwa vanishi ya rangi, na vanishi isipoungua umeme haupiti hata ukazifunga kwa fundo la baharia. Kisha akachukua mita, akaiweka kwenye mlio, akagusa ncha ya pini kwa mkono mmoja na uzi mmojammoja kwa mwingine, mpaka mita ikalia. Rangi hakuzitazama kabisa. Hilo ndilo nililoondoka nalo: kila kiwanda kina rangi zake, na wa kuaminiwa ni mlio wa mita.

Swichi je? Kitufe cha kengele ya mlango kinatosha kwa picha moja moja. Kwa Bulb unahitaji swichi inayokaa ilipowekwa, kama ile ya tochi, ili usibane kitu muda wote. Nyaya za fokasi na shata unaweza kuzifunga pamoja kwenye swichi moja, mradi lenzi iwe kwenye MF, yaani fokasi ya mkono. Ukiiacha kwenye AF, fokasi ya kamera yenyewe, kamera itahangaika gizani ikitafuta kitu cha kukamata, na huenda isifyatue kabisa.

Onyo moja, na ninalisema kwa uzito wote: usiingize umeme wowote kwenye tundu hilo. Si betri, si chaja. Kazi ya rimoti ni kugusanisha tu. Anayetaka kuifyatua kamera kwa saketi ya kompyuta ndogo kama Arduino aweke katikati kitenganishi cha mwanga, kile kidude chenye miguu minne kama PC817, kinachopatikana ndani ya chaja nyingi zilizokufa. Ndani yake taa ndogo inawaka na upande wa pili unaiona. Waya wa saketi na waya wa kamera hazikutani kamwe.

Je, wajua kwamba herufi N3 kwenye pakiti ya kebo zinaweza kumaanisha vitu viwili visivyopatana? Canon wanaita N3 ile pini yao kubwa ya matundu matatu, inayoingia kwenye 5D, 6D, 7D na 50D. Watengenezaji kadhaa wa Kichina, kwa upande wao, wana orodha yao: C1 ni Canon ya 2.5, C3 ni ile Canon ya matundu matatu, N1 ni Nikon ya pini kumi, na N3 ni Nikon ya D90, D5000 na D7000. Wengine tena wanaandika E3 na DC2 kwa vitu hivyohivyo. Niliwahi kuagiza N3 kwa ajili ya 50D, nikalipia na nauli ya basi, nikaletewa kebo ya Nikon. Muuzaji alisema alichouza ndicho kilichoandikwa, na kweli ndicho kilichoandikwa. Tangu siku hiyo sisomi herufi. Napiga picha tundu la kamera kwa simu, naituma, namwomba muuzaji anipigie picha ya pini, nalinganisha umbo kwa umbo. Picha mbili za simu zingeniokolea pesa ile na wiki tatu za kungoja.

Sasa sikia palipo na unafuu wenyewe. Rimoti nyingi za taima za makampuni madogo zina tundu la 2.5 kwenye mwili wake, na kebo inachomolewa. Maana yake taima ni moja, kebo ndizo zinazobadilika. Ukihama kutoka Canon kwenda Nikon, hununui taima nyingine. Unanunua kebo fupi tu yenye 2.5 upande mmoja na pini ya kamera yako upande wa pili. Hicho ndicho kitu cha kukitafuta kwa jina: kebo ya kuunganishia rimoti, upande wa taima 2.5, upande wa kamera fulani. Taima ya Canon yenyewe, TC-80N3, iliuzwa kwa zaidi ya dola 100 za Marekani, na waya wake haubadilishiki. Sioni sababu ya mtu wa Busia au Tororo kulipa hivyo. Kazi inayofanya, ya kuhesabu sekunde na kurudia, hufanywa vizuri na ya bei ya chini sana, au bure kabisa, kama tutakavyoona.

Pini za Nikon na ile ya Sony haziko kwenye kopo la fundi simu. Usipoteze siku kuzitafuta vibandani. Agiza kebo fupi, au tafuta rimoti iliyoharibika kitufe, ikatwe kichwa, iungwe pini ya 2.5. Wakazi wa upande wa Kenya wana Luthuli, Nairobi, mtaa wa vifaa vya umeme unaojulikana nchi nzima, na mabasi ya usiku hubeba vifurushi.

Je, wajua kwamba pini kuingia si ushahidi kwamba itafanya kazi? Lumix za Panasonic zina tundu la 2.5, lakini ndani ya rimoti yake mna rezista, na kamera hupima ukinzani ili ijue umebonyeza nini. Waya mtupu hauambii kitu. Nikon D3400 na D3500 hazina tundu la rimoti ya waya hata kidogo. Anayekuuzia kebo ya shata kwa ajili ya D3500 anakuuzia uzi wa kuanikia nguo.

Kwa kamera za namna hiyo kuna kebo nyingine, na hii imejaa kila kona ya mji: OTG, ile ya kuunganishia flashi na simu. Ukiweka OTG kwenye simu ya Android, kisha kebo ya USB ya kamera, programu za simu huweza kuziendesha kamera nyingi za Canon na Nikon: kufyatua, kubadili muda, kurudia picha. Mwenye kompyuta ana digiCamControl ya Windows, bure. Kamera nyingi mpya zenye Wi-Fi au Bluetooth zinafyatuliwa kwa programu za makampuni yenyewe, Camera Connect ya Canon na SnapBridge ya Nikon, nazo bure. Na simu nyingi za Redmi zina taa ya infraredi juu, ile ya kuwashia televisheni. Kwa kamera zenye jicho la rimoti, simu hiyo ndiyo rimoti.

Je, wajua kwamba huenda huhitaji Bulb hata kidogo? Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, na kamera iliyosimama tuli inaziona nyota zikitembea. Wapiga picha wana hesabu ya haraka: gawanya 500 kwa urefu wa lenzi, upate sekunde unazoweza kuacha shata wazi kabla nyota hazijawa mistari. Kwa Canon zenye kihisi kidogo cha picha, zidisha kwanza lenzi kwa 1.6. Lenzi ya kit, ile inayouzwa pamoja na kamera, ikiwa kwenye milimita 18 inakupa kama sekunde 17. Lenzi ya 50 inakupa 6. Zote ziko chini ya 30, na kamera yako inazihesabu yenyewe bila taima. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, jaribu usiku mmoja na taima ya ndani ya kamera, ile ya sekunde 2: unabonyeza, unaondoa mkono, mtikisiko unatulia, kamera inafyatuka. Ni bure, na imo kwenye kamera yako tangu siku uliyoinunua.

Na hata unapotaka mamia ya picha mfululizo, ile rimoti ya kitufe kinachojifunga inatosha. Weka sekunde 30, weka kamera kwenye mfululizo, funga kitufe, kaa chini. Kamera itapiga moja baada ya nyingine, karibu 120 kwa saa, mpaka betri iishe. Zima kipengele cha kupunguza chembe kwenye picha ndefu, maana kikiwa kimewashwa kamera hutumia muda mwingine uleule baada ya kila picha ikijisafisha, na mstari wa nyota unatoka umekatikakatika. Wenye Canon za zamani wana Magic Lantern pia, programu ya bure inayokaa kwenye kadi ya kumbukumbu na kuwapa taima ambayo kiwanda hakikuwapa. Soma maelekezo ya kamera yako kamili kabla ya kuiweka.

Wajua faida ya picha nyingi? Ukizipanga 16 za anga moja juu ya nyingine, chembechembe za picha hupungua hadi robo. Programu za kupanga, DeepSkyStacker, Siril, na StarStaX kwa ajili ya mistari ya nyota, zote ni bure.

Nilisema nitarudi kwenye faida ya ikweta. Je, wajua kwamba mwaka 1975 Mskoti George Haig alichapisha namna ya kuifuata mbingu kwa mbao mbili, bawaba na bolti? Mbao zimefungwa kwa bawaba, bolti inainua ubao wa juu polepole, kamera iliyo juu yake inageuka kwa kasi ya nyota. Kwa bolti ya M6, ambayo kila mzunguko husogea milimita moja, iweke milimita 229 kutoka katikati ya bawaba na uizungushe mara moja kwa dakika, ukifuata mshale wa sekunde. Bolti ya M6 haikosekani kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Scotland mbao hizo zinapaswa kuinamishwa zaidi ya nyuzi 55 kuielekea Kutubu, na kuinamisha huko ndiko kunakowatoa jasho. Busia unazilaza. Bawaba ielekee kaskazini na kusini, iwe sawasawa na ardhi kwa pimamaji ya seremala, ikae upande wa magharibi, na bolti upande wa mashariki iinue ubao. Hapo ndipo Bulb na swichi ya tochi vinapopata kazi yake, maana sasa unaweza kuacha shata dakika moja, dakika mbili, na Njia Nyeupe ikajitokeza na vumbi lake. Seremala wa kando ya barabara anayejenga viti anaweza kukitengeneza chombo hiki kwa asubuhi moja.

Je, wajua kwamba Tororo imo kwenye kitabu cha Guinness kwa ajili ya anga yake? Kati ya 1967 na 1976 mji huo ulihesabiwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Siku 251! Mpiga nyota wa Tororo ana uvumilivu kuliko wenzake wote, na majira yake ni ya kiangazi, Desemba hadi Februari, anga linapofunguka. Lakini kebo yake haihitaji kulala miezi mingine. Rimoti ileile ya kitufe kinachojifunga ndiyo inayonasa radi usiku: sekunde 10 au 15, picha mfululizo, na wingu lenyewe linachagua lini liandike. Kati ya picha mia utapata mbili tatu zenye mzizi mzima wa moto kutoka wingu hadi ardhi.

Hapa naomba usome polepole. Radi inaua Uganda. Tarehe 28 Juni 2011 iliwaua wanafunzi 18 wa shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo, wakiwa darasani. Shirika la ACLENet la Kampala limeweka vikinga radi mashuleni, Runyanya ikiwamo. Sauti ya ngurumo huchukua kama sekunde tatu kwa kilomita moja. Ukihesabu chini ya sekunde 30 kati ya mwanga na mlio, radi iko ndani ya kilomita 10 na wewe huna biashara nje. Usipande Mwamba wa Tororo kutafuta picha hiyo. Usiburute waya mrefu wa rimoti kutoka nje hadi ulipokaa. Kamera ikae ndani ya nyumba imara, nyuma ya kioo kilichofungwa, nawe kaa mbali na dirisha. Funga kitufe, ondoka.

Mwamba wenyewe, masalio ya volkano ya kale yenye kimo cha takriban mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, ni mahali pa kupigia picha wakati wa anga safi tu. Kwa siku zenye uwazi Mlima Elgon unaonekana kaskazini mashariki. Kwa nyota, hata hivyo, taa za mji na za kiwanda cha saruji ziko chini yako; mimi ningeuweka mwamba mbele ya kamera kuliko chini ya miguu. Umbo lake jeusi likiwa na Jabari juu yake ni picha ambayo mtu wa Tororo hahitaji kuieleza. Busia nako, foleni ya malori haizimi taa. Toka mjini kilomita kadhaa, na umwambie mwenye shamba kabla hujaingia, maana mtu mwenye taa nyekundu kichwani na miguu mitatu ya chuma migombani saa 5 usiku huleta taharuki.

Je, wajua kebo ikivuka mpaka inahesabiwaje? Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na Rais Kenyatta na Rais Museveni, na msafiri sasa hukaguliwa upande anaoingia tu. Wafanyabiashara wadogo wana utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Wengi hawajui kwamba unafuu huo ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Mahindi, ndiyo. Kebo iliyotengenezwa China haiwi ya Kiafrika Mashariki kwa sababu imelala dukani Kampala. Uliza dawatini, weka risiti mfukoni, lipa kinachostahili. Kwa kitu cha bei hii ni heri kuliko kuingia njia za panya usiku na kamera begani.

Wajua, mwisho, kwamba tarehe 3 Novemba 2013 kivuli cha mwezi kilipita kaskazini kwetu, na Pakwach jua likazibwa lote, huku Busia na Tororo zikiliona limeliwa sehemu kubwa? Tarehe 2 Agosti 2027 litapatwa tena. Safari hii giza kamili litapita Hispania, Afrika Kaskazini, Misri, Saudi Arabia, Yemeni na pembe ya Somalia, na karibu na Luxor litazidi dakika sita. Sisi wa mpakani tutaona kipande tu, mchana. Kipande hicho kinataka kichujio halisi cha jua mbele ya lenzi, na miwani ya kupatwa kwa macho yako, si filamu ya eksirei wala kioo kilichofukizwa moshi. Vitu hivyo na kebo havipatikani kwa siku moja. Tazama leo ubavuni mwa kamera yako uone ina tundu gani, lipige picha, na umpelekee fundi.